PS5, Xbox au Switch kwa mtu wa kucheza Jumamosi tu?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi si mchezaji wa kukesha. Nacheza saa 3 au 4 kwa wiki, hasa mpira, na mara nyingi ni Jumamosi akija mdogo wangu, ambaye kwake ana PS5. Wanangu wa miaka 6 na 9 nao huomba zamu. TV yangu ni ya 1080p na intaneti natumia ya bando. Nimekwama kati ya PlayStation 5, Xbox Series S na Nintendo Switch, na marafiki ninaowauliza wanabishana teraflopu tu. Nichukue ipi?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Umefanya vizuri kunitajia TV, bando na mdogo wako. Wengi huniuliza "ipi kali zaidi?" wakaishia hapo, nami hubaki kubahatisha.

Tuanze na teraflopu ili tuziweke kando. Series S ina 4, PS5 ina kama 10.3, na Xbox Series X ina 12. Hicho ni kipimo cha wingi wa hesabu ambazo chipu ya picha inaweza kufanya kwa sekunde. Sehemu kubwa ya nguvu ya ziada hutumika kuchora picha ya 4K, yenye nukta mara nne ya 1080p, ambayo TV yako haiwezi kuionyesha. Series S ilitengenezwa ikilenga 1440p, kiwango kilicho juu ya 1080p yako, kwa hiyo kwa upande wa picha ingekutosha kabisa.

Inapokukwaza ni kwenye bando. Series S haina sehemu ya kuingizia diski, wala huwezi kuiongezea. Kila gemu utakayocheza itabidi uipakue, na gemu kubwa za siku hizi zinapita GB 50 kwa urahisi. Nyingine zinavuka 100. Toleo lake la GB 512 pia hubakiza kama GB 364 tu za kuwekea gemu, kwa sababu nafasi iliyobaki inachukuliwa na mfumo. Ukipakua chache, imejaa. Unafuta moja ili kupisha nyingine, na siku watoto wakiitaka ile uliyoifuta, bando linaliwa upya. Ukichomeka hifadhi ya nje ya USB unaweza kuzihamishia huko badala ya kuzifuta, ila gemu zilizotengenezwa kwa kizazi hiki cha mashine hazichezeki kutoka humo. Lazima uzirudishe ndani kwanza. Mwenye intaneti isiyo na kikomo ningemwambia aichukue Series S pamoja na Game Pass bila kusita, maana atapata gemu nyingi kwa ada moja. Kwako wewe, hapana.

Switch naipenda sana kwa ajili ya watoto. Joy-Con zake mbili, yaani vidhibiti vya pembeni, hugawanyika zikawa pedi mbili, hivyo watu wawili wanacheza Mario Kart 8 Deluxe bila kununua kitu kingine. Gemu za Nintendo zenyewe huzipati kwa wapinzani wake, tofauti na Microsoft, wenye Xbox, ambao sasa wanapeleka hadi gemu yao ya magari Forza Horizon 5 kwenye PS5. Kama ungeniambia wachezaji wakuu ni hao wadogo wawili, jibu langu lingeishia hapa.

Lakini umesema mpira, na umesema mdogo wako ana PS5. Hilo kwangu ndilo linaloamua. Mtu anayecheza mara moja kwa wiki hapati faida kubwa kwa kuwa na mashine bora. Anafaidi akiwa na mashine ileile waliyonayo wenzake. Mdogo wako atakuja na pedi yake, nawe umeokoa gharama ya pedi ya pili. Atakuja na diski zake, mtazicheza kwako, na wewe utaazima za kwake. Mkiwa mmekaa sebuleni pamoja hamhitaji kulipia PlayStation Plus. Ada hiyo inadaiwa mkitaka kucheza gemu za kununua na watu wa mbali kupitia intaneti. Gemu za bure kama Fortnite haziidai hata hapo.

Kwa hiyo chukua PS5, na iwe yenye sehemu ya diski. Nasisitiza diski kwa sababu data nyingi ya gemu huwa tayari imo humo, ingawa masasisho utayapakua. Vilevile inacheza karibu gemu zote za PS4, pamoja na diski zake zilizotumika. Toleo la Digital (lisilo na sehemu ya diski) la umbo jipya, lililotoka mwishoni mwa 2023, linakubali kuongezewa kisomadiski baadaye, ila siku ya kukifunga lazima uwe na intaneti ili mashine ikitambue. PS5 Pro ya 2024 achana nayo: haiji na kisomadiski, na nguvu yake ni ya TV ambayo huna.

Jambo moja huwaumiza wanunuzi: pedi za zamani za PS4 huunganika na PS5, lakini zinacheza gemu za PS4 tu. Usinunue pedi ya PS4 ukidhani umepata ya pili kwa bei rahisi. Upande wa Xbox hawana tatizo hilo. Pedi za Xbox One hufanya kazi hadi kwenye Series S na X.

Na watoto usiwaonee huruma. Astro's Playroom inakuja ndani ya PS5 bure, na mtoto wa miaka 6 ataishika haraka. Baadaye watafutie diski ya Sackboy: A Big Adventure, inayochezwa na watu hadi wanne kwenye skrini moja. Hapo na wewe utaingia zamu.

Ukiamua kununua iliyotumika, usiridhike na kuiona ikiwaka. Ingiza diski na ucheze nusu saa, ukisikiliza kama feni inanguruma. Kisha achia vijiti vya pedi na uangalie skrini. Mchezaji akisogea mwenyewe wakati hujagusa kitu, kijiti hicho kimechoka, na kukibadilisha ni kazi ya kuchomelea waya. Dai bei ipunguzwe, au uiache.