Kifaa kikisoma sifuri, uliza kilikuwa kinatafuta nini

Mkuu, umesema wakaguzi walikuja mchana na kifaa cha gesi, kikasoma sifuri, wakaondoka, na usiku bado hamlali kwa uvundo wa kiwanda. Unauliza kama harufu inapimika kweli. Inapimika, ila si kwa kile kifaa. Gesi ya mayai viza pua huinasa ikiwa sehemu chache tu kwa bilioni; vifaa vingi vya mkononi huanza kuiona kwenye sehemu kwa milioni. Vimetengenezwa kuokoa roho za wafanyakazi, si usingizi wa majirani.

Niliwahi kuwa mnusaji wa maabara. Walitujaribu kwanza kwa butanoli, kemikali ya kupimia ukali wa pua, na nilishangaa kuona pua kali mno inakataliwa sawa na pua butu. Nusu saa kabla ya kazi huli wala huvuti sigara, na manukato marufuku. Hewa ya bomba la kiwanda inaletwa kwenye mfuko, inazimuliwa sana kwa hewa safi, kisha inaongezwa nguvu hatua kwa hatua. Unainamia mdomo wa mashine, unanusa, unabonyeza kitufe. Ikizimuliwa mara 3,000 na nusu ya jopo la wanusaji ndiyo kwanza wanaihisi, basi ina uniti 3,000 za harufu kwa mita ya ujazo. Ndivyo kinavyoelekeza kiwango cha Ulaya, EN 13725.

Lakini hiyo ni hewa ya bombani. Kero ya majirani hupimwa kwa marudio, yaani harufu inakuja mara ngapi. Ujerumani mkaguzi husimama mahali dakika 10. Akiinusa asilimia 10 ya muda huo, inahesabiwa saa nzima ya harufu, na kwenye makazi saa hizo hazitakiwi kuzidi asilimia 10 ya mwaka.

Kwa hiyo shikeni daftari: saa ilipoanza, ilipokoma, upepo unatoka wapi, inafanana na nini. Andikeni hata siku ambazo hamkunusa kitu, la sivyo wataliona ni daftari la malalamiko tu. Amini mnuso wa kwanza unapotoka ndani, maana pua huzoea upesi. Na waiteni usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi inapolala chini na harufu ikatambaa nayo.

Mimi nilipokuwa jirani wa kiwanda nililaani bomba la moshi miezi mitatu. Daftari likaonyesha harufu inakuja upepo ukitoka upande wa pili kabisa, kwenye bwawa la majitaka.