Kamera Imeona Gesi Inavuja. Ni Kilo Ngapi?

SWALI: Nina shahada ya kemia na nimeanza kazi kwenye kituo cha gesi asilia. Kamera ya infraredi inaonyesha methani ikivuja kwenye vali, na mkuu wangu anataka kilo kwa saa. Nianzie wapi? Na je, fani hii ina ajira? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Kamera hiyo usiidai namba. Kazi yake ni kukuonyesha mahali, na upepo ukiwa mkali hata hapo hukosea.

Tumia pampu ya kufyonza yenye kipimo cha methani. Unganisha kwanza waya wa arthi, maana methani ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka ikipata cheche. Funika vali kwa mfuko, mdomo wa mpira wa pampu ukiwa ndani, lakini acha hewa ipite. Pampu ikivuta lita 200 kwa dakika na methani ikasoma asilimia 1.5, zinavuja lita 3 kwa dakika, yaani 180 kwa saa. Lita 1,000 zina gramu 670 hivi, kwa hiyo unapata kilo 0.12 kwa saa. Ikiachwa mwaka mzima, ni zaidi ya tani moja!

Ongeza kasi ya pampu, upime tena. Jibu likipanda, mara ya kwanza sehemu ya gesi ilikuponyoka.

Kosa linalotutisha zaidi halionekani. Baadhi ya pampu hizi zina vihisi viwili, kimoja cha viwango vya chini ya asilimia 5 hivi, kingine cha juu. Kuhama kutoka kimoja kwenda kingine kukikwama, skrini husoma asilimia chache huku gesi ikiwa nyingi mno. Kila asubuhi ijaribu kwa gesi ya mtungi ya asilimia 2.5, kisha ya asilimia 100.

Ajira ipo. Ahadi ya Kimataifa ya Methani ya 2021 inataka utoaji upungue asilimia 30 ifikapo 2030. Ila usimalizie siku kwenye vali ndogo. Anza na mwenge wa kuchomea gesi, vifuniko vya matangi na pakingi za kompresa. Utafiti uliochapishwa 2022 kuhusu visima vya Marekani ulikuta mienge hiyo inateketeza asilimia 91 hivi ya methani, wakati hesabu rasmi zilidhani 98. Mingine ilikuwa imezimika kabisa.

Fundi akishakaza vali, pima tena siku hiyohiyo, na uandike shinikizo la bomba kando ya namba zote mbili.