Matetemeko, kina cha kilomita 10, na mkazo wa ganda la dunia

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa jiolojia. Nimepakua orodha ya matetemeko ya Tanzania na nchi jirani kutoka USGS (shirika la jiolojia la Marekani), pamoja na michoro ya mtelezo (yale maduara yenye robo nyeusi na nyeupe) zaidi ya arobaini kutoka katalogi ya Global CMT (orodha ya dunia ya michoro hiyo). Mihimili T (mistari ya mtanuko katika michoro hiyo) mingi inaelekea mashariki-magharibi, ila mingine imepotoka hadi nyuzi 50. Nilipoiingiza yote kwenye programu ya kutafuta mkazo, kosa la wastani (tofauti kati ya mtelezo uliotabiriwa na uliopimwa) lilizidi nyuzi 30. Je, data ni mbovu, au mkazo wenyewe unabadilika kutoka mahali hadi mahali? Na mbona matetemeko mengi yana kina cha kilomita 10 kamili?

Jibu: Tuanze na hiyo 10, maana ndiyo itakayokuharibia kazi mapema. Hicho si kipimo. Vituo vikiwa vichache na viko mbali, saa za kufika kwa mawimbi hazitoshi kutenganisha kina cha tetemeko na wakati lilipotokea, kwa hiyo mchambuzi hubandika kina cha kawaida ili hesabu itulie. USGS hubandika 10. Katalogi za zamani zimejaa 33. Global CMT huishikilia 12 kwa matetemeko ya juujuu, na zamani ilikuwa 15. Ukichora grafu ya kina, ule mnara mrefu kwenye 10 ni mkono wa mchambuzi, si tabaka la miamba. Wala usiitegemee safu ya makosa ya kina: huweza kuonyesha namba ndogo ya kupendeza hata pale kina kilipobandikwa.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: kina kinaaminika iwapo kituo cha karibu kiko ndani ya umbali usiozidi takriban mara moja na nusu ya kina chenyewe, na wimbi la S (lile la pili kufika) limesomeka vizuri hapo. Kwa tetemeko la kina cha kilomita 10, unahitaji kituo ndani ya kilomita 15 hivi. KMBO pale Kilima Mbogo, Kenya, na MBAR pale Mbarara, Uganda, ni vituo vizuri, lakini haviwezi kukupa kina cha tetemeko dogo la Manyara.

Kina kina uzito kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu mchoro wa mtelezo unategemea pembe ambayo wimbi linatoka nayo kwenye chanzo. Chukua kituo kilicho kilomita 12 kutoka kitovu. Kama tetemeko liko kilomita 8 chini, wimbi linalopanda kwa mstari ulionyooka hutoka kwa nyuzi 56 kutoka wima. Kama liko kilomita 20 chini, ni nyuzi 31. Kituo ni kilekile na alama ya mwendo wa kwanza wa ardhi, juu au chini, ni ileile, lakini nukta yake kwenye duara imesogea nyuzi 25, na huenda imevuka mpaka wa robo nyeusi kuingia nyeupe. Hapo mchoro umeharibika, na mkazo utakaoukokotoa umeharibika nao. Usifute tetemeko la kina kirefu ukidhani limekosewa: mitandao ya vituo vya karibu imeonyesha matetemeko ya kilomita 20 hadi 40 Manyara, na lile la Bukoba la tarehe 10 Septemba 2016, la ukubwa wa 5.9, USGS waliliweka kwenye takriban kilomita 40. Ganda la kale na baridi hubaki gumu kiasi cha kuvunjika hata huko chini.

Sasa mihimili. P (wa mbano) na T (wa mtanuko) si mikazo mikuu. Ni mistari ya kijiometri iliyo nyuzi 45 kutoka kwenye bapa lililoteleza, basi. Ufa wa kale unaweza kuamshwa na mkazo ambao haukuelekezwa nyuzi 45 kutoka kwake. Mwanajiofizikia Dan McKenzie alionyesha mwaka 1969 kwamba tetemeko moja linakuhakikishia jambo moja tu: mkazo mkuu wa kubana uko mahali fulani ndani ya robo nyeupe. Kwa hiyo mihimili T iliyopotoka nyuzi 50 si lazima ipingane. Rukwa ni mfano mzuri. Nyufa zake zimefuata ukanda wa miamba ya kale wa Ubendi, kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama bonde lile linafunguka moja kwa moja au linateleza kando. Mwelekeo wa ufa peke yake haumalizi ubishi huo.

Kinachokupa mkazo ni mitelezo ya nyufa zenye mielekeo tofauti ndani ya eneo moja. Inveshoni (hesabu ya kurudi nyuma kutoka mitelezo hadi mkazo) inachukulia kwamba mkazo ni mmoja eneo zima na kwamba kila ufa umeteleza kuelekea upande ambao mkazo unausukuma zaidi. Kosa la nyuzi 30 na zaidi linasema dhana ya kwanza imevunjika: umetia Natron, Rukwa, Ziwa Tanganyika na kaskazini mwa Malawi kwenye chungu kimoja. Yagawe kwa jiolojia *kabla* ya kuangalia mihimili, la sivyo utakuwa unachagua jibu. Na usihesabu matetemeko ya baadaye kama ushahidi mpya. Mfululizo wa Karonga, Malawi, wa Desemba 2009, ambao kubwa lake lilikuwa la 6.0 tarehe 19, ukikuletea michoro kumi inayofanana, huo bado ni ushahidi wa ufa mmoja.

Natron iangalie kwa uangalifu zaidi. Julai 2007 matetemeko yalianza kwa kundi karibu na mlima Gelai, na kubwa kuliko yote, la 5.9, lilipiga tarehe 17. Rada za setilaiti zilionyesha ukuta wa magma ukipenya chini ya ardhi, na sehemu kubwa ya mtanuko ilipita bila mtetemo. Septemba, mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai ukalipuka. Magma inayosukuma miamba pande zote mbili hugeuza mkazo wa jirani kwa muda, kwa hiyo kundi kama hilo lifanyie hesabu yake peke yake.

Kwa idadi, fuata viwango vya World Stress Map (ramani ya mikazo ya dunia): michoro 15 au zaidi iliyo karibu na kosa lisilozidi nyuzi 12 ni daraja A, 8 na nyuzi 20 ni B. Mchoro mmoja mmoja ni C, yaani mwelekeo wake una shaka ya nyuzi 25 kila upande. Ukibaki na mitano kwenye eneo, usifanye inveshoni. Ichore kama C na uiache hivyo.

Ukiendesha programu, hakikisha mambo haya. Pembe ya mtelezo ya ufa unaoshuka, yaani wa mtanuko, ni karibu −90. Faili ikiwa na +90, umegeuza mtanuko kuwa mbano. Kila mchoro una mabapa mawili na ni moja tu lililoteleza: programu ya STRESSINVERSE ya Václav Vavryčuk huchagua lililo karibu zaidi na kuvunjika, ukiipa msuguano wa 0.6 hadi 0.8. Rudia kwa sampuli nasibu 1000 uone jibu linavyotawanyika. Kama ulisoma alama za vituo mwenyewe, tafuta tetemeko kubwa la mbali: vituo vyote vya mtandao mdogo vinapaswa kuanza upande mmoja, na kitakachopinga huenda waya zake zimegeuzwa.

Kisha isome R, uwiano wa mikazo, kwa makini. Inveshoni haikupi ukubwa wa mikazo, inakupa pande tatu na uwiano huu mmoja. S1, S2 na S3 ni mikazo mikuu kutoka mkubwa hadi mdogo. R ikiwa (S1−S2)/(S1−S3) na ikakaribia 1, S2 na S3 zinalingana, na mshale wako wa mtanuko unaweza kuzunguka bila kosa kupanda. Ikikaribia 0, S3 imeshikika vyema, ila nyufa zinazoshuka na zinazoteleza kando zitaishi pamoja, na hapo hakuna kosa la kusahihisha. Programu nyingine, kama Win-Tensor, huandika uwiano huo kinyume, (S2−S3)/(S1−S3), kwa hiyo soma mwongozo kabla ya kulinganisha na kazi za wengine.

Ukitaka kwenda mbele na kulinganisha na mwendo wa ardhi uliopimwa kwa GPS, kumbuka Global CMT inaanza 1976. Tetemeko la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910, la takriban 7.4, lilitoa momenti (kipimo cha ukubwa halisi wa tetemeko) kama mara nane ya lile la Ziwa Tanganyika la 5 Desemba 2005 lenye 6.8, na kama mara 180 ya la Bukoba. Ukijumlisha momenti bila hilo, Rukwa itaonekana imelala.