Kipimo cha haraka kimesoma malaria, darubini haijaona kitu: tuamini kipi?

Mleta mada, pole sana kwa kuuguza. Umesema mtoto wako wa miaka minne aliugua mkiwa Kasulu, mkoani Kigoma, kwa bibi yake, akapimwa, akakutwa na malaria, akamaliza dozi ya mseto vizuri. Mmerudi Moshi, wiki mbili baadaye homa imepanda tena. Kipimo cha haraka kimesoma malaria, mkaenda maabara nyingine wakaangalia slaidi, yaani damu iliyopakwa kwenye kioo chini ya darubini, hakuna mdudu. Unauliza nani mwongo, na ile asilimia 95 iliyoandikwa kwenye karatasi ya kipimo imetoka wapi. Wachangiaji wengi hapo juu wameshahukumu kuwa vipimo hivi ni feki. Mimi ni mtu wa maabara, nimefanya kazi Kigoma na sasa niko Kilimanjaro, na nimewahi kushiriki kwenye tathmini ya vipimo vyenyewe. Naomba nijibu kwa urefu.

Inawezekana kabisa majibu yote mawili ni sahihi, kwa sababu vipimo hivi havitafuti kitu kimoja. Darubini inamtafuta mdudu mwenyewe. mRDT, yaani kile kipimo cha haraka cha kaseti ndogo ya plastiki, inatafuta protini. Nyingi tunazotumia nchini hushika protini iitwayo HRP2, ambayo hutengenezwa na Plasmodium falciparum, aina ya malaria iliyotawala kwetu. Mseto unawaua wadudu ndani ya siku chache, lakini HRP2 haiondoki nao. Hubaki kwenye damu wiki mbili, tatu, kwa wengine hata zaidi ya mwezi, hasa mtoto aliyekuwa na wadudu wengi alipoanza dawa. Kwa hiyo kaseti ya Moshi yaelekea imesoma malaria ya Kasulu, ambayo tayari ilishatibiwa. Ndiyo maana mgonjwa aliyemaliza dozi na homa ikarudi kabla ya siku 28 hupelekwa kwenye slaidi, hapimwi tena kwa kaseti ya HRP2.

Angalia kama kaseti mliyotumia ina mistari miwili ya majibu, mmoja wa P.f (falciparum) na mwingine wa Pan (aina zote za malaria). Kwenye aina nyingi za namna hiyo mstari wa Pan unashika protini nyingine, pLDH, ambayo hupungua haraka wadudu wakishakufa. Mstari wa P.f ukitokea peke yake wiki mbili baada ya dawa, mimi nafikiria masalia kabla sijafikiria ugonjwa mpya. Lakini sifungi mjadala hapo, kwa sababu wadudu wakiwa wachache mstari wa Pan pia unaweza usionekane. Slaidi inayosomwa na mtu makini ndiyo inayoamua.

Sasa hiyo asilimia 95. Kwa kawaida huwa ni namba mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza inasema, kati ya watu 100 wenye malaria, kipimo kinawakamata wangapi. Ya pili inasema, kati ya watu 100 wasio nayo, ni wangapi kinawaachia bila kuwasingizia. Kaseti mbovu inayochora mstari kwa kila mtu ingekamata wagonjwa wote 100 bila kukosa hata mmoja, na isingekuwa na faida yoyote. Ukionyeshwa namba moja, dai na ya pili.

Halafu uliza nani aliyeamua kuwa hao 100 walikuwa na malaria. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Kwenye tathmini niliyoshiriki, katika hospitali moja ya wilaya, kila mwenye homa aliingizwa, awe anatetemeka au ametembea mwenyewe kwa miguu yake. Ukichagua waliozidiwa tu, kipimo kitapendeza, maana wadudu ni wengi na mstari unakuja mnene. Kidole kikishatobolewa mara moja, damu ileile inakwenda kwenye kaseti, kwenye slaidi ya tone nene na tone jembamba, na matone kadhaa kwenye karatasi ya chujio kwa ajili ya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya mdudu. Anayesoma kaseti anaandika majibu na kuyafungia. Wanaosoma slaidi ni wawili, kila mmoja peke yake, hawajui kaseti imesema nini wala mwenzake ameandika nini. Wakipishana, anaitwa wa tatu.

Ukali huo una sababu. Rangi ya Giemsa tunayopaka kwenye slaidi isipochujwa vizuri huacha vidoa vya zambarau kwenye tone nene, na vingine vinafanana mno na vimelea vichanga. Aliyekwisha kuona mstari kwenye kaseti atakiita kidoa mdudu. Ambaye hajaona mstari atakiacha.

Kuhesabu nako kuna utaratibu. Unahesabu vimelea mpaka ufikishe chembe nyeupe 200, kisha unazidisha kwa 40, kwa sababu tunachukulia kuwa mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Ukiona vimelea 5 tu katika chembe nyeupe 200, maana yake mgonjwa ana vimelea 200 kwa mikrolita. Vimelea 5 katika slaidi nzito, mchana wa joto, foleni imefika nje ya mlango: kwa haraka unavipita. Na hicho ndicho kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani, pamoja na FIND (shirika la kimataifa la vipimo) na CDC ya Marekani (kituo cha kudhibiti magonjwa), walikitumia kuchuja vipimo vya makampuni kuanzia 2008. Kipimo kilitakiwa kupata alama 75 kwenda juu kwenye damu yenye vimelea 200, kusingizia kusifike asilimia 10, na kaseti zinazoharibika zisifike asilimia 5. Kwenye damu yenye vimelea 2,000 karibu kila kipimo cha maana kinafaulu. Tofauti inaonekana chini.

Tulipolinganisha kaseti na slaidi, ilionekana kusingizia watu. Tulipolinganisha damu hiyohiyo na PCR, baadhi ya "waliosingiziwa" wakatoka na malaria kweli, ila darubini ilikuwa haijawaona. Papo hapo PCR ikatoa wengine wenye wadudu wachache sana ambao kaseti haikuwakamata, na namba ya kukamata ikashuka. Kaseti ni zilezile, watu ni walewale, usahihi umebadilika kwa kubadilisha tu cha kulinganishia. Kwa hiyo nikisoma asilimia 95 bila kuelezwa imelinganishwa na nini, na wagonjwa walikuwa na wadudu kiasi gani, naichukulia kama tangazo la biashara.

Linalowahusu zaidi wazazi na matabibu ni hili. Tuseme kipimo kinakamata 95 kati ya 100 na kinawaachia 95 kati ya 100. Chukua wagonjwa 1,000 wa homa katika kituo cha Kigoma msimu wa mvua, 400 wana malaria. Kaseti itakamata 380, itawakosa 20, na kati ya 600 wasio nayo itawasingizia 30. Walioambiwa wana malaria ni 410, na 380 wanayo kweli. Njoo Moshi na kaseti zilezile. Kati ya 1,000 wenye homa, tuseme 20 ndio wenye malaria. Itakamata 19, itamkosa 1, na kati ya 980 waliobaki itawasingizia 49. Walioambiwa wana malaria ni 68, na 49 kati yao hawana. Hizi ni hesabu za mfano, lakini tofauti ya mikoa si ya kubuni. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano yakiwa karibu asilimia 24 Kigoma, huku Kilimanjaro na Arusha yakiwa chini ya asilimia 1.

Kwa hiyo Moshi majibu ya "ana malaria" yanahitaji kuulizwa maswali: amesafiri? ametumia dawa lini? Majibu ya "hana" karibu yote ni ya kweli, na ndiyo ambayo watu hawataki kuyaamini. Hili linaniuma. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania kuhusu wagonjwa waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Slaidi zilipochunguzwa upya, chini ya nusu ndio walikuwa na vimelea. Mwaka 2014 ukaja mwingine wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara: wenye malaria walikuwa kama asilimia 10, wengi wao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Tangazo la "Sio kila homa ni malaria" tumelisikia wote redioni, lakini bado mtu anapewa mseto kaseti ikiwa safi, nimonia ikiendelea kumla mtoto.

Kigoma kuna mtego mwingine. Mtu mzima aliyeumwa na mbu maisha yake yote anaweza kubeba wadudu wachache bila kuugua. Akija na homa ya kifua, kaseti itasoma malaria na itakuwa imesema kweli, ila kilichomleta hospitali si malaria. Hapo hakuna kipimo kitakachofanya kazi ya daktari ya kusikiliza kifua.

Kuhusu "feki": kaseti nyingi zinazolaumiwa zimeharibiwa na matumizi. Damu ikizidi, ukungu mwekundu unaziba mstari. Bafa, ile dawa ya maji inayodondoshwa kwenye kaseti, ya kipimo kimoja si ya kingine, na ikiisha wapo wanaoweka maji au dripu ya chumvi, kitu kinachoweza kuchora mstari wa uongo kabisa. Aina nyingi husomwa baada ya dakika 15 au 20. Ukiirudia baada ya saa nzima mstari unaouona hauna maana. Mstari hafifu uliotokea ndani ya muda unahesabiwa kama mstari kamili, hauhitaji kukolea. Na ule mstari wa C, wa kuonyesha kuwa kaseti imefanya kazi, unathibitisha kuwa kimiminika kimepita na rangi imefanya kazi. Hauthibitishi kuwa damu imewekwa ya kutosha.

Kuna tatizo moja ambalo haliko mikononi mwa mhudumu. Mwaka 2010 watafiti walieleza vimelea vya Peru vilivyopoteza jeni la HRP2. Kaseti inapita juu yao kama hawapo. Eritrea iliwapata kwa wingi kiasi cha kulazimika kubadilisha vipimo mwaka 2016. Shirika la Afya Duniani linataka nchi ibadilishe vipimo kama zaidi ya asilimia 5 ya wagonjwa wanakosewa kwa sababu hiyo. Tanzania Bara tafiti zimewakuta kwa uchache sana, kwa hiyo usimtilie shaka mtoto wako kwa hili, ila ndiyo sababu hospitali haziwezi kutupa darubini.

Mleta mada, mpeleke mtoto kesho arudiwe slaidi kwenye maabara inayohesabu na kuandika idadi, siyo inayoandika "hakuna" peke yake. Nenda na kadi ya Kasulu yenye tarehe ya kuanza dawa. Mwombe daktari amsikilize kifua, aangalie masikio na koo, na apime mkojo. Akipata degedege, akitapika kila kitu, akilegea au akipumua kwa shida, usisubiri kesho.

Na mchangiaji aliyeuliza kama anunue kaseti kadhaa duka la dawa aweke nyumbani: mimi sikushauri. Nyingi zinavumilia joto hadi nyuzi 30 au 40 tu, soma pakiti, na joto la nyumba yenye paa la bati linapita hapo. Pia kile kipakiti kidogo cha kufyonza unyevu kikiwa kimebadilika rangi ukifungua, kaseti hiyo haifai hata kama tarehe ya mwisho bado iko mbali.