Uzamivu wa fedha binafsi kwa mtandao: yaulizie haya kabla ya kulipa ada

SWALI: Mimi ni ofisa mikopo wa SACCOS hapa Dodoma, nina shahada ya uzamili ya fedha. Nimeona vyuo vya Marekani vinatoa uzamivu wa upangaji wa fedha binafsi kwa njia ya mtandao. Naweza kusoma bila kuacha kazi? Na huku nyumbani shahada hiyo itatambulika? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Unaweza, ila kwanza pima lengo lako. Uzamivu huu (PhD) humwandaa mtu kufanya utafiti na kufundisha chuoni. Kama unachotaka ni kuwashauri wateja, cheti cha mpangaji fedha aliyethibitishwa (Certified Financial Planner, CFP) ndicho kilichotengenezwa kwa kazi hiyo; kwa utaratibu wa Marekani kina mtihani wa maswali 170 na saa 6,000 za uzoefu kazini.

Kuhusu kutambulika, waandikie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kulipa hata senti. Taja chuo, programu na namna inavyofundishwa, kisha utunze jibu lao la maandishi. Hakikisha pia chuo kina ithibati halali huko kwao.

Neno "mtandaoni" lisikudanganye. Programu ya Chuo Kikuu cha Kansas State, kwa mfano, huchanganya masomo ya mtandaoni na vipindi vya ana kwa ana. Ukisafiri kwenda kwenye vipindi hivyo, kumbuka kuwa viza ya matembezi ya Marekani hairuhusu masomo yanayohesabiwa kwenye shahada, kwa hiyo iulize mapema ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo. Uliza na ratiba: kipindi cha saa 1 jioni Kansas kwako ni saa 9 usiku, na majira yao ya baridi ni saa 10 alfajiri.

Kinachoweza kukushinda si somo la fedha, ni takwimu. Kabla ya kuomba udahili, jifunze rigresheni (njia ya kupima uhusiano kati ya vigezo) kwa programu za takwimu za Stata au R hadi uweze kuifanya na kuieleza mwenyewe. Tazama, kwa mfano, utafiti wa fedha za kaya wa Benki Kuu ya Marekani uitwao Survey of Consumer Finances, unaofanywa kila baada ya miaka mitatu. Kwenye faili la data zake kila kaya inatokea kwenye mistari mitano, kwa sababu majibu yaliyokosekana yamekadiriwa mara tano. Asiyejua huhesabu kila mstari kama kaya tofauti. Sampuli inavimba mara tano, makosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) yanasinyaa, na matokeo dhaifu yanaonekana ya uhakika. Tasnifu hurudishwa kwa kosa kama hilo.

Tunakushauri kwa moyo wote utafiti wako uwe wa huku nyumbani. Tafiti za kitaifa za huduma za fedha, FinScope Tanzania, na FinAccess kwa upande wa Kenya, zimeuliza watu wanavyoweka akiba, wanavyokopa na wanavyotumia pesa za simu. Andika swali lako kwenye ukurasa mmoja, utaje takwimu utakazotumia, kisha umtumie mhadhiri anayechapisha kazi za aina hiyo. Akikujibu kwamba hana nafasi ya kusimamia mada yako, tafuta chuo kingine mapema.