Maswali ya Wasomaji: Kutoka Dar Asubuhi, Kurudi Jioni

Shikamooni. Tulikwenda kisiwa cha Mbudya na watoto wangu, wa miaka 6 na 9. Kunduchi boti ilikuwa mbali, tukaifuata kwa miguu kwenye tope na majani ya bahari, mdogo akalia njia nzima. Tungefanyaje? Mama, Tabata

Marahaba, mama. Mlikwenda siku ya bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Dar hupanda na kushuka kwa mita 3 na zaidi, na huwa yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, wakati ambao familia nyingi ndiyo kwanza zinafika pwani. Kujaa hujaa karibu saa kumi jioni, watu wakianza kufunga virago.

Kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu inatosha kukuongoza. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua. Chagueni Jumamosi inayoangukia kati ya 8 na 10, au 22 na 24. Hayo ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, mkondo ni mpole, na asubuhi boti husogea karibu. Kama siku haibadiliki, hesabuni kwamba maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, kisha mpange saa ya kuondoka.

Upepo nao una lake. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, bahari huchafuka mchana, kwa hiyo mwambieni nahodha mapema kwamba mnataka kurudi saa tisa. Wengi humwachia yeye apange, halafu wanarudi wameloa chapachapa.

Jaketi okozi la mtoto lijaribiwe kabla ya kupanda. Mfunge vizuri, kisha linyanyue kwa mabegani: likimpanda hadi masikioni ni kubwa mno, na majini litamvuka. Dai jaketi dogo zaidi, na kama halipo, subirini boti nyingine. Mvae raba za zamani, si kandambili, kwa sababu kwenye miamba kuna wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Mbudya ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, hivyo ada ya kuingia ni kando na nauli ya boti. Ulizeni kama bei mliyotajiwa inajumuisha vyote viwili. Samaki na chipsi vipo kisiwani, lakini agizeni mara tu mnapofika. Maji ya kunywa bebeni wenyewe.

Nataka kuwapeleka wanafunzi 45 msitu wa Pugu. Nijiandae vipi? Mwalimu, Ukonga

Mwalimu, anza na kibali. Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Andika barua yenye idadi ya wanafunzi na walimu, upewe namba ya malipo na mwongozaji. Kufika getini na basi zima bila karatasi ni kuwatesa watoto juani.

Epuka Aprili na Mei. Ule udongo mweupe wa vilima vya Pugu ndio kaolini. Ukilowa unateleza kama sabuni, na mteremko ulioshukwa kwa dakika kumi unaweza kupandwa kwa nusu saa. Ingieni msituni saa moja na nusu, mtoke kabla ya saa tano. Wagawe watoto 15 kwa 15, kila kundi na mtu mzima mbele na mwingine nyuma. Wa nyuma ndiye muhimu zaidi, maana anayepotea ni aliyesimama kufunga kamba ya kiatu.

Maji yawe lita 1.5 kwa kila mtoto: madumu matatu ya lita 20 na moja la lita 10 yanatosha. Suruali ndefu zichomekwe ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Kiangazi kuna upupu. Vile vinyoya vya ganda lake vikimpata mtoto, asijikune wala kujisugua, kwani kusugua kunavizamisha. Bandika selotepu au donge la ugali juu ya ngozi, ubandue, urudie, ndipo aoshe.

Mapango ya popo ni mashimo ya mgodi wa zamani wa kaolini. Watoto wasiingie. Kinyesi cha popo kina vumbi lenye kuvu wanaodhuru mapafu, na dari la mgodi wa zamani si la kuaminiwa. Mtawafundisha mengi hata mkiwa nje.

Sina nauli ya kwenda mbali. Mjini kati pamebaki kivuli? Kijana, Buguruni

Bustani ya Mimea, jirani na Ukumbi wa Karimjee. Wajerumani waliianzisha 1893 kujaribia mazao, na miti yake mikubwa bado ni mizuri kuliko hoteli nyingi za ufukweni. Nenda Jumapili asubuhi, foleni hakuna. Makumbusho ya Taifa yako hatua chache, Mtaa wa Shaaban Robert. Maduka mengi siku hiyo hufungwa, hivyo nunua chakula chako huko huko Buguruni.

Bagamoyo kwa siku moja bila gari inawezekana? Wachumba, Sinza

Inawezekana. Pandeni gari Stendi ya Makumbusho kabla ya saa moja asubuhi. Ni kilomita 70 hivi, na mkichelewa, foleni za Tegeta na Bunju zitawapotezea saa nzima. Anzeni na magofu ya Kaole, jua halijawa kali, halafu mji mkongwe. Kwenda Kaole chukueni bodaboda au bajaji kwa bei ya kwenda na kurudi, pamoja na kusubiri. Lipeni nusu mkifika, nusu mkirudishwa mjini.