Umeme ukirudi namba zangu nzuri zinafutika, nifanyeje?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nipo Tabata, nimefunga vipima joto kwenye mafriza ya samaki ya jamaa zangu watatu pale Feri, vinatuma nyuzi kila dakika kwenda InfluxDB, databesi ya kutunza vipimo kwa muda wake. Sasa umeme ukikatika ukarudi, kifaa kinarudia kutuma zile rekodi zake za mwisho, muda uleule ila zimejaa sifuri, nikifungua grafu zile -18 za mwanzo hazipo na databesi wala hailalamiki. Nataka iliyoingia kwanza ndo ibaki. Nisaidie ndugu yangu.

JIBU: Pole sana kaka. Databesi yako haijaharibika, InfluxDB toleo la 1 na la 2 ndo zinavyofanya kazi. Rekodi inatambulika kwa jina la kipimo, tegi zake zote (lebo za kuitambulisha, kama jina la friza) na muda, vikifanana vyote inahesabu umeleta rekodi ileile, basi fildi (sehemu inayobeba namba yenyewe, kama nyuzi) yenye jina lilelile inachukua thamani mpya. Swichi ya kuiambia "kama ipo acha" haina.

Kwanza hakikisha kila friza lina tegi yake, maana bila hiyo mafriza matatu yakituma rekodi zenye muda uleule yanafutana yenyewe kwa yenyewe.

Ukitaka kubaki hapohapo, weka tegi ya namba inayoongezeka kila kifaa kikiwaka, hapo rekodi zote mbili zinabaki na wewe unachagua wakati wa kusoma. Ila usije ukaweka tegi ya namba ya kipekee kwa kila rekodi, siriizi (kila mchanganyiko mpya wa tegi ni siriizi yake) zitakuwa nyingi mno na ramu ya seva itakwisha. Na skripti ya kusoma kwanza kama rekodi ipo, isipokuwepo ndo iandike, siipendi, maombi mawili yakifika pamoja yote yanakuta hakuna kitu na yote yanaandika.

Mimi ningehamia TimescaleDB, nayo ni ya vipimo vya muda, inakaa juu ya databesi ya PostgreSQL: unaweka indeksi ya kipekee ya kifaa pamoja na muda (safu ya muda lazima iwemo), halafu unaandika kwa ON CONFLICT DO NOTHING, yaani ikikuta ipo isifanye kitu, mchezo umeisha. RedisTimeSeries, ya vipimo vya muda ndani ya databesi ya Redis, nayo ipo vizuri, weka DUPLICATE_POLICY (sheria ya rekodi zinazojirudia) iwe FIRST, ya kwanza ibaki, usipoigusa inakuwa BLOCK na rekodi ya pili inakataliwa kwa ujumbe wa kosa.

Lakini kaka nisikilize vizuri hapa. Siku umeme ukikatika kabla ile -18 haijafika, sifuri ndo itakuwa ya kwanza, na hiyo sheria yako ya kwanza ibaki itailinda sifuri na kuikataa namba ya kweli, mwenye samaki aone friza limefika nyuzi 0 aanze kuhamisha mzigo usiku bure. Kwa hiyo anzia kwenye kifaa: kama kipima joto hakijasomeka, kisitume chochote, kabisa. Zile zilizokwisha kufutwa InfluxDB haitakurudishia, angalia kama kifaa kina memori kadi, huenda bado zimo humo, na kama unachukua bakapu tafuta ya kabla ya umeme kukatika.